Sifa ya Papa: Kamera ya Mwambani na Ushairi Wetu wa Bahari

Kiswahili kina neno moja linalobeba mambo mawili ambayo mgeni wa pwani hawezi kuyaunganisha kwa urahisi. Sifa ni maneno mema yanayosemwa juu ya mtu au kitu. Sifa pia ni mafuta ya ini la papa, ambayo mafundi wetu walikuwa wakiyapaka mbao za vyombo ili zisiharibiwe na maji ya chumvi na jua. Kwa hiyo papa hakuwa mgeni kwetu. Alikuwemo katika mbao za jahazi. Alikuwemo jikoni, akiwa ng'onda. Alikuwemo katika biashara ya kaskazi, wakati vyombo vya Arabuni vilipotia nanga katika bandari zetu na kushusha papa mkavu pamoja na tende na chumvi. Na alikuwemo, kama alivyo hadi leo, katika ushairi.

Makala haya yana swali moja: mshairi wa leo anapomtaja papa, anamtaja papa yupi? Swali hili halikuzuka katika vikao vya washairi. Limeletwa na kifaa ambacho wapenzi wa mashairi hawana mazoea ya kukijadili, nacho ni kamera ya vidio inayotegwa chini ya maji ili kuchunguza wingi na aina za samaki wa miamba ya matumbawe. Wataalamu wa bahari huisoma kazi ya kamera hiyo kwa hesabu. Mimi nataka kuisoma kwa namna tunayozisoma kazi nyingine katika kurasa hizi: nitazame umbo lake, inachokisema, inachokinyamazia, na jinsi inavyokaa ikiwekwa kando ya kazi zetu wenyewe.

Papa wa ushairi

Mpenzi wa mashairi hahitaji kutajiwa mifano mingi. Bahari ni dunia, chombo ni maisha, nahodha ni kiongozi, mshipi ni hila za mapenzi, na samaki ni yule anayetakiwa naye akakataa kunasa. Papa ana nafasi yake maalumu katika mpangilio huo. Yeye ni dhalimu, ni tajiri anayewameza wanyonge, ni hatari isiyoonekana mpaka imekwisha kufika. Kutoka katika tungo amehamia magazetini, ambako tunasoma habari za mapapa wa dawa za kulevya na mapapa wa ufisadi, na kila msomaji anaelewa bila ya kufasiriwa.

Hakuna kosa katika istiari hizo. Zina nasaba njema, na zilizaliwa na watu walioijua bahari kwa mikono yao. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu (1933–2021), mathalani, alitafuta riziki yake baharini muda mrefu kabla diwani yake ya Kimbunga (1994) haijamfikisha kwa wasomaji wa mbali. Kwa mtu wa namna hiyo jina la samaki haliji peke yake. Linakuja na kina anachokaa samaki huyo, msimu anaopatikana na chambo anachokipenda. Taabu huanza pale istiari inaporithiwa bila ya ujuzi ulioizaa. Mshairi wa pili humchukua papa kutoka kwa mshairi wa kwanza, wa tatu akamchukua kutoka kwa wa pili, na hakuna kati yao aliyekwenda kutazama. Papa hubaki na vina vyake na mizani yake, lakini maji yamekwisha kukauka.

Tuulinganishe mtindo huo na msemo wa kawaida kabisa, usingizi wa pono. Aliyeuanzisha msemo huu alikuwa ameona jambo. Pono hulala usiku mwambani, tena usingizi mzito, na aina nyingi za pono hujizungushia utando wa ute kabla ya kulala, mfano wa mtu aliyeshusha chandarua. Mvuvi wa usiku mwenye taa aliliona hilo, akalitia katika mazungumzo, na lugha ikalihifadhi hata kwa ajili ya watu wasiowahi kulala pwani. Picha ya pono ingali na samaki ndani yake. Je, picha yetu ya papa inaye?

Baruti na shoka

Kabla ya kuifikia kamera ya leo, ni vyema tuitazame filamu iliyowafundisha watu wengi duniani kuangalia chini ya bahari. Le Monde du silence, yaani Ulimwengu wa Kimya, ya Jacques-Yves Cousteau na Louis Malle, ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Ilipigwa katika Mediterania, Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, na kwa watazamaji wengi wa wakati ule ilikuwa ni mara ya kwanza kuyaona matumbawe kwa rangi. Uzuri wake haukanushiki.

Lakini filamu hiyo ina sehemu mbili ambazo mtazamaji wa leo hawezi kuzipita. Katika ya kwanza, mabaharia wa Cousteau wanataka kujua ni aina ngapi za samaki wanaoishi katika kipande cha mwamba. Wanalipua baruti. Kisha wanawaokota samaki waliokufa na kuwapanga, na hesabu inakamilika. Katika ya pili, meli yao inamjeruhi mtoto wa nyangumi, papa wanakuja kumla, na mabaharia wanawavuta papa hao melini na kuwaua kwa shoka. Msimulizi anatueleza kwamba mabaharia wote duniani wanamchukia papa, kana kwamba maelezo hayo yanatosha.

Cousteau mwenyewe baadaye aligeuka kuwa mtetezi mashuhuri wa bahari, na si kusudi langu kumhukumu mtu aliyekwisha kufariki. Ninachokitaka ni umbo la filamu. Ina shujaa, ina msimulizi, ina muziki, na kila kiumbe kinachopita mbele ya kamera hupewa kazi katika kisa cha mwanadamu. Papa hupewa kazi ya uadui. Yaani papa wa filamu ile iliyotunzwa Cannes na papa wa tungo zetu ni ndugu: wote wawili wapo ili kuchukiwa. Na ile hesabu ya baruti nayo haikuwa jambo geni kwa watu wa mwambao. Pwani ya Tanzania iliujua uvuvi wa baruti kwa miongo mingi, na mvuvi wa changu anafahamu kwamba mwamba uliolipuliwa haurudi katika umri wa aliyeulipua.

Dema lisilo na mlango

Sasa tuje kwenye kamera ya leo. Umbo lake ni la kimaskini. Kuna kiunzi cha chuma, kamera moja au mbili juu yake, na fimbo inayotokeza mbele kiasi cha mita moja na nusu ikiwa na mfuko wa chambo mwishoni. Chambo chenyewe ni kama kilo moja ya samaki mwenye mafuta, aliyepondwa ili harufu isambae na mkondo. Kifaa huteremshwa kwa kamba yenye boya, boti huondoka, na kamera huachwa peke yake kwa muda wa saa nzima. Baadaye hupandishwa, na mtu hukaa mbele ya kioo akiitazama ile saa, mara nyingi kwa muda mrefu kuliko saa yenyewe, akiandika kila aina aliyoiona.

Msomaji aliyekulia pwani atakuwa amekwisha kukitambua kifaa hiki. Ni dema lisilo na mlango. Lina chambo kama dema, linatulia chini kama dema, linategemea mkondo na subira kama dema; tofauti ni kwamba samaki huja, hula harufu, kisha huenda zake. Njia hii ilikuzwa katika miaka ya 1990 huko Hawaii na Australia, na waliotumia kamera mbili kwa pamoja waliweza hata kumpima samaki urefu wake kutoka katika picha, kwa kanuni ile ile inayoyawezesha macho mawili ya mwanadamu kukadiria umbali. Samaki anapimwa na anabaki hai. Ukiikumbuka ile baruti ya mwaka 1956, utakubali kwamba hatua iliyopigwa si ndogo.

Kabla ya kamera, na pamoja nayo hadi leo, yupo mzamiaji anayeogelea juu ya mstari uliopimwa na kuandika anachokiona. Miamba ya Kenya imehesabiwa kwa njia hiyo tangu miaka ya 1980, hasa kwa kazi ndefu ya mtafiti Tim McClanahan, na hesabu hizo ni hazina. Lakini samaki aliyewahi kuwindwa kwa mkuki humjua mzamiaji, naye hukimbia kabla hajahesabiwa. Kamera haina miguu wala mapovu. Inakaa chini zaidi ya kina ambacho mzamiaji anakiweza kwa usalama, na ushahidi wake unaweza kutazamwa tena na mtu wa pili asiyemwamini wa kwanza.

Jambo linalonivutia zaidi kama mhakiki ni kanuni yake ya kuhesabu. Changu watano wakipita mbele ya kamera, baadaye wakapita wanne, kisha saba, msomaji wa filamu haandiki kumi na sita. Huandika saba, yaani idadi kubwa kabisa ya samaki wa aina moja walioonekana kwa pamoja katika picha moja. Sababu ni kwamba wale watano huenda ndio hao hao waliorudi. Kanuni hii hukubali kupungukiwa kuliko kuzidisha. Sisi tuliolelewa katika mubalagha, ambako mawimbi huwa milima na machozi huwa mito, tuna la kujifunza katika unyamavu wa namna hii. Na kwa vile kifaa kinahesabu kwa ubahili, kinaposema kwamba hakukuwa na kitu, hatuna budi kukisikiliza.

Saa tupu

Mwaka 2015 ulianza mradi uitwao Global FinPrint, ulioongozwa na watafiti wa vyuo vikuu na taasisi za Marekani, Kanada na Australia. Mradi huo ulitega kamera za aina hii katika miamba 371 ya nchi 58, na kukusanya zaidi ya saa 15,000 za filamu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi wa Julai, mwaka 2020. Karibu moja ya tano ya miamba yote iliyochunguzwa haikuonyesha papa hata mmoja. Zilitajwa nchi sita ambazo miamba yake ilikuwa karibu tupu kabisa: Jamhuri ya Dominika, visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa, vile vilivyo chini ya Uholanzi upande wa kaskazini, Vietnam, Qatar, na Kenya. Katika nchi zote hizo kwa pamoja, kwa zaidi ya saa 800 za kutazama, walionekana papa watatu.

Inafaa tuwe waangalifu na maana ya habari hii. Haisemi kwamba hakuna papa katika bahari yote ya Kenya, kwani wavuvi wa mwambao bado huwapata, hasa katika maji ya nje. Inasema kwamba pale mwambani, mahali ambapo papa wa matumbawe alipaswa kuifuata harufu ya chambo kilichowekwa mbele ya pua yake, hakutokea. Na Kenya si nchi ya mbali na ushairi wetu. Ni Mombasa na Lamu. Ni maji yale yale yaliyowalea malenga wa Kimvita na Kiamu.

Hebu tuifikirie saa moja ya filamu hiyo kama kazi ya sanaa. Haina msimulizi wala muziki. Mkundaji anachokoachokoa mchanga kwa ndevu zake. Kikande anaukaribia mfuko, anauma, anarudi nyuma. Mkunga anatoa kichwa katika shimo. Mwani unalala upande mmoja na mkondo. Dakika thelathini, arobaini, hamsini. Kisha kamba inakazwa, picha inatikisika, na filamu imekwisha. Mtazamaji aliyezoea papa wa Cousteau atasema kwamba hakuna kilichotokea. Mtazamaji aliyeelewa kwa nini kamera ilikuwa pale ataona kwamba kilichotokea ni kutokutokea kwake yeye.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Tumezoea kuutumia usemi huo kwa mtu aliyekosa kikao au mgawo wa urithi. Uweke mwambani, na utaona unavyopanuka. Papa asipokuwepo, haondoki peke yake. Jarife, ule wavu mkubwa uliotegwa kwa ajili yake, huwa neno lisilo na kazi. Ng'onda hubaki kuwa bidhaa ya kuagizwa mbali. Sifa, ile ya kupaka mbao, hubaki katika kamusi, na mwanafunzi anayeikuta humo hudhani ni kosa la mchapaji. Lugha hupungukiwa na maneno kwa kimya kile kile ambacho bahari hupungukiwa na samaki, na hakuna kamera inayotegwa kulishuhudia hilo.

Utafiti ule haukuishia katika tanzia. Ulionyesha pia kwamba papa walionekana kwa wingi zaidi pale penye hifadhi zao, penye maeneo yaliyofungwa, na penye mipaka juu ya nyavu za kutega na mishipi mirefu ya ndoana nyingi. Miongoni mwa nchi zilizofanya vyema ilikuwamo Maldivi, visiwa vya Bahari ya Hindi kama vyetu, ambayo mwaka 2010 ilipiga marufuku uvuvi wa papa. Kwa maneno mengine, saa tupu si majaaliwa ya bahari zenye watu wengi. Ni matokeo ya mambo yaliyotendwa, na mambo yaliyotendwa huweza kutendwa kwa namna nyingine.

Ila za shahidi

Macho hayana pazia, lakini macho ya kamera yanazo ila zake, na mhakiki asipozitaja atakuwa amegeuka mpiga debe. Chambo huwaita zaidi walao nyama. Samaki mdogo anayeishi ndani ya mashimo ya tumbawe hupita bila ya kuandikwa, ingawa yeye ni sehemu kubwa ya ule wingi wa aina unaotafutwa. Maji yakichafuka wakati wa masika, kamera huona ukungu. Aghalabu hutegwa mchana, kwa hiyo ule usingizi wa pono, alioushuhudia mvuvi mwenye taa, haumo katika saa zake.

Ila kubwa zaidi ni ya wakati. Kamera imekuja kwa kuchelewa. Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly aliandika insha fupi iliyopata umaarufu mkubwa, akieleza kwamba kila kizazi cha wataalamu huichukua hali ya bahari waliyoikuta walipoanza kazi kuwa ndiyo hali ya asili, na hupima upungufu kuanzia hapo. Kizazi kinachofuata huanzia mahali palipopungua zaidi, nacho huona ndivyo. Hivyo hasara hugawanywa vipande vidogo vidogo, na hakuna anayeiona yote. Filamu ya mwaka 2016 inaweza kulinganishwa na ya mwaka 2026. Haiwezi kulinganishwa na mwamba wa mwaka 1926, kwa sababu hapakuwa na kamera.

Hapa ndipo fasihi yetu inapoingia kama shahidi wa pili. Nyimbo za kazi za mabaharia, majina waliyopewa miamba na vijito vya bahari, methali, mashairi ya ushindani, hata matusi ya utani baina ya watu wa vijiji vya uvuvi, ni kumbukumbu za bahari iliyokuwako kabla ya kamera. Si kumbukumbu za hesabu. Mubalagha imo, na uongo wa wavuvi umo. Lakini lugha haitengenezi neno maalumu kwa ajili ya wavu wa papa mahali ambapo papa ni watatu katika saa 800. Neno jarife lenyewe ni ushahidi. Vivyo hivyo sifa, kwani mafuta hayo yangeyatosha vipi majahazi ya pwani nzima kama papa wangekuwa adimu?

Kwa hiyo kila shahidi anacho alichokosa mwenzake. Kamera inayo saa, inacho kipimo, haina jana. Ushairi unayo jana, hauna kipimo. Na yule mshairi anayeendelea kumweka papa katika kila ubeti, kana kwamba angali anazunguka mwambani kama zamani, hana kimoja wala kingine. Ameipoteza jana kwa kuifanya ifanane na leo.

Jina na picha

Lipo jambo jingine ambalo linawahusu moja kwa moja wapenzi wa lugha. Picha haijitaji jina. Mtu lazima aitazame na aseme: huyu ni fulani. Katika kazi za kisayansi jina hilo ni la Kilatini, na kuna sababu nzuri. Samaki mmoja anayeitwa tasi sehemu moja ya mwambao huitwa chafi sehemu nyingine na tafi kwingineko, na kinyume chake, jina moja kama kitatange hubeba aina nyingi ambazo jicho la mtaalamu huzitenganisha. Bila ya jina la pamoja, hesabu ya Lamu haiwezi kukaa na hesabu ya Pemba.

Lakini Kilatini chenyewe, ukikikwangua, kina wavuvi ndani yake. Peter Forsskål, aliyepelekwa Arabuni katika msafara wa mfalme wa Denmark, alifariki Yemen mwaka 1763. Maandishi yake juu ya samaki wa Bahari ya Shamu yalichapishwa mwaka 1775 na mwenzake Carsten Niebuhr. Katika maandishi hayo aliyachukua majina aliyoyasikia kwa wavuvi Waarabu na kuyatia katika sayansi. Changu mmoja mpaka leo anaitwa Lethrinus harak, na pono mmoja Scarus ghobban. Mtaalamu wa Tokyo au Sydney anapoliandika jina la pili hilo, anaandika neno la Kiarabu bila ya kujua.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Ulimwengu wa sayansi ulistaajabu mwaka 1938 alipopatikana Afrika Kusini samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka tangu zama za kale. Wavuvi wa Ngazija walikuwa wakimjua, na jina lake kwao ni gombesa. Picha za kwanza za gombesa akiwa hai katika makazi yake zilipigwa na Hans Fricke mwaka 1987, kutoka katika chombo cha kuzamia, katika maji ya Komoro. Jina lilitangulia, sayansi ikafuata, kamera ikawa ya mwisho kufika.

Utaratibu huo sasa unageuka, na ndiyo sababu jambo hili lina haraka. Saa za filamu zimekuwa nyingi kuliko macho ya watu, na kazi ya kuwatambua samaki inakabidhiwa kidogo kidogo kwa kompyuta, kwa kile ambacho Tanzania tunakiita akili mnemba. Msomaji wa Unguja atatabasamu, kwa kuwa Mnemba kwake ni kisiwa chenye mwamba wake mashuhuri. Lakini mashine hiyo hujifunza kutoka katika picha zilizokwisha kupewa majina na watu. Jina ambalo halikuandikwa kando ya picha halitajulikana. Tukikaa kimya katika hatua hii, miamba yetu itakuwa na kumbukumbu kubwa ya picha isiyo na neno hata moja la Kiswahili, na mjukuu wa mvuvi atalazimika kutafuta kwa Kilatini samaki ambaye babu yake alimwita kwa jina.

Hoja ya mshairi

Najua jibu litakalotolewa. Mshairi atasema: mimi si mtunza daftari la idara ya uvuvi. Papa wangu ni fumbo. Simba hajawahi kuonekana mitaa ya Mji Mkongwe na bado tunawasifu mashujaa kwa jina lake. Kwa nini papa aombe kibali cha kamera?

Hoja hiyo ina nguvu, na sipendi kuipuuza. Fumbo halina haja ya kufuata takwimu. Lakini simba wa tungo zetu alikuwa tangu mwanzo mnyama wa kusimuliwa kwa watu wa visiwani, na uzuri wake ni wa hadithi. Papa hakuwa hivyo. Alikuwa jirani, alikuwa chakula na mafuta na hofu ya kweli, na nguvu ya fumbo lake ilitokana na ujirani huo. Msikilizaji wa zamani alipomsikia papa katika ubeti, mwili wake ulikumbuka kitu. Msikilizaji wa leo anakumbuka ubeti mwingine. Fumbo limepoteza upande wake mmoja, na likibaki na upande mmoja huwa ni neno tu.

Tena kuna jambo la haki. Tumemwita papa dhalimu kwa karne nyingi, na kumbe katika muda wa maisha ya mtu mmoja yeye ndiye aliyemezwa. Mshairi anayetafuta mfano wa mnyonge anayemalizwa kimya kimya na wenye nguvu, huku akiendelea kusingiziwa ukali, hana haja ya kwenda mbali. Istiari imegeuka chini juu mbele ya macho yetu, na ni wachache walioitunga upya.

Sisemi, basi, kwamba papa afukuzwe katika ushairi. Nasema atungwe kwa kutazamwa. Wapo watunzi vijana katika visiwa hivi wanaojua kuogelea na wanaojua arudhi, na saa moja ya filamu isiyo na papa ni maudhui yanayoweza kubebwa na bahari yoyote ya ushairi wetu, iwe tarbia, takhmisa au utenzi. Kwa upande wao, wataalamu wanaotega kamera katika maji yetu wangefanya vyema kuzirudisha filamu hizo madikoni, wakae na wazee na wanawake wa pwani, waulize majina na waulize nani alikuwa akija zamani katika mwamba ule. Katika hifadhi ya Chumbe, iliyotangazwa mwaka 1994, walinzi wa mwamba walipatikana miongoni mwa waliokuwa wavuvi wa vijiji vya karibu. Macho ya aina hiyo yapo. Wengi wa wenye macho hayo, hata hivyo, ni watu wazima sana, na majina wanayoyajua hayajaandikwa.